Kilomita Mbili, Mafuta Hakuna

Miaka sita Pijo ya baba imelala uani Tudor,
chumvi ya hewa ikiitafuna milango kidogo kidogo
kama mtu alaye kashata hataki kuonekana.
Paka wa Bi Time amezaa humo mara tatu.
Juzi mwenye nyumba kasema: ua wataka kujengwa.

Basi Jumapili, alfajiri imeshaswaliwa,
mikokoteni ya maji haijaamka,
Fundi Msellem akaja na Landrova yake
na mkanda mpana wa manjano begani.
Kaka yangu Badi alishafunga kamba ya katani
kwenye bampa, fundo juu ya fundo, anajisifu.
Msellem akaitazama, akaifungua, akamrudishia.
"Hii kaanikie nguo. Na bampa ni urembo.
Gari halivutwi kwa urembo wake."

Akalala chali kwenye changarawe,
akaingia chini ya tumbo la gari na nyundo,
akagonga, akasikiliza, akagonga.
Palipojibu kwa sauti ya udongo akapaacha.
Palipolia kengele
akatia pingu.

Katikati ya mkanda akataka kitambaa chekundu.
Sikuwa nacho ila kipande cha leso ya mama,
maandishi yake yamekatwa na mkasi: SUBIRA NI

"Nani atashika usukani wa Pijo?"
Badi akanyoosha mkono apokee ufunguo.
"Si wewe. Wewe una haraka. Huyu dada yako."
Mimi, ambaye baba hakuniachia
hata kuupangusa vumbi usukani huo.

Akainama dirishani, jasho na grisi:
"Ufunguo uzungushe, usiuchomoe;
ukiuchomoa usukani utajifunga kwenye kona.
Gia iwe huru. Breki utaikuta ngumu,
injini haipo kukusaidia, kwa hiyo kanyaga
kwa miguu miwili, kama mtu azuiaye mlango.
Na mkanda usilegee.
Ukilegea kisha ukakazwa ghafla hukatika,
na ukikatika haujui huyu ni nani.
Mimi navuta tu. Breki yetu sote ni wewe."

Tukatoka polepole kuliko jeneza,
maana jeneza kwetu huharakishwa.
Baba tulimkimbiza, mabegani, kabla ya adhuhuri;
gari lake tukalichelewesha miaka sita.
Badi mbele kwa miguu, tochi mkononi,
akizifokea tuktuk zisizokuwepo.

Karibu na Tononoka barabara inashuka kidogo.
Hapo ndipo nilipomwona mtoto na ndoo ya mahamri.
Aliona gari, kisha nafasi, kisha gari,
akadhani nafasi ni njia.

Nikakanyaga. Ngumu kama kukanyaga ukuta.
Nikavuta breki ya mkono, nikaita jina la Mungu,
nikapiga honi, honi iliyokufa kabla ya baba.
Mkanda ukalia. Landrova ikasimama nao.
Mtoto mguu mmoja hewani,
kitambaa kikitetemeka mbele ya goti lake.

Akakisoma kwa sauti, ya darasa la pili:
"Su-bi-ra ni."
Akaniangalia kwenye kioo. "Ni nini?"
Hakuna aliyemjibu. Badi alinunua mahamri kumi,
mikono inamtetemeka, akasahau chenji.

Guraya, kwenye gereji, Msellem akatia mawe
mbele na nyuma ya magurudumu kabla hajafungua pingu.
Mimi sikushuka.
Nilikuwa natazama namba za kilomita:
kumbe hazikungoja injini.
Zilikuwa zimesogea. Mbili.

Kwenye kijisanduku cha mbele daftari lake lingali,
limenuka paka, kalamu imo ndani.
Malindi, 118. Posta, 3. Mazeras, harusi, 24.
Ukurasa wa mwisho: Hospitali, 4,
na mwandiko ulioinama.

Nikaandika chini yake, herufi zangu kubwa mno:
Guraya, 2.
Mafuta, hakuna.
Dereva,

nikafikiri kidogo,
nikaandika jina langu lote.